Nani Hulipia Majaribio? Pesa za Umma za Utafiti na Biashara Ndogo za Nishati Safi

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo katika ufuo wa Dunga, omena walioanikwa juu ya nyavu hawakauki. Kwanza hupoteza rangi, kisha huanza kunuka, na mwishowe huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kila mama anayeuza omena, kuanzia Dunga hadi Ogal, anaijua hasara hii.

Suluhisho moja hutajwa mara kwa mara: kikaushio cha sola, yaani chumba kidogo chenye paa la plastiki inayopitisha mwanga na feni inayoendeshwa na paneli. Fundi wa jua kali akipewa mabomba, plastiki na feni anaweza kukiunda. Kazi ya kuchomelea si tatizo. Tatizo ni maswali yanayotangulia. Je, kitakausha omena siku ya mawingu? Kitabeba kilo ngapi kwa mara moja? Samaki wakikaa ndani usiku kucha, watavunda au watakauka? Na kikifeli, hasara itakuwa ya nani?

Makala hii inaeleza jinsi serikali mbalimbali zinavyolipia maswali ya aina hiyo kwa niaba ya biashara ndogo, yale ambayo Kenya imeshafanya, na namna mkazi wa Kisumu mwenye wazo la nishati safi anavyoweza kuanza.

MKOPO SI RUZUKU YA UTAFITI

Wakazi wengi wanaposikia "pesa za serikali kwa biashara ndogo" hufikiria mikopo. Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana ilianzishwa mwaka 2006, ile ya wanawake ikafuata mwaka 2007. Baadaye ikaja Hazina ya Uwezo, na Novemba 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hustler. Zote hizi zina kazi yake. Mama wa Kibuye anayejua kwamba gunia la omena analonunua leo atalimaliza wiki ijayo anaweza kukopa, kuuza na kurejesha.

Fundi wa kikaushio hana uhakika huo. Hajui kama kifaa kitafanya kazi, na hiyo ndiyo sababu anataka kukijaribu. Akikopa na kifaa kikifeli, deni linabaki. Kwa hiyo mafundi wengi huacha wazo likiwa mchoro kwenye daftari, au huunda kifaa kimoja, hukiuza kabla ya kukijaribu vya kutosha, na mnunuzi ndiye anayeumia.

Ruzuku ya utafiti ni pesa za aina nyingine. Mpokeaji harejeshi, lakini hatoi tu ahadi ya faida. Anatoa jibu. Anapaswa kueleza mapema swali lake ni lipi, atapima nini, kwa muda gani na kwa gharama gani, kisha kutoa ripoti ya alichokiona hata kama jibu ni "haifanyi kazi." Jibu la namna hiyo nalo lina thamani, kwa sababu linamzuia fundi wa pili na wa tatu kupoteza pesa katika njia ile ile.

MFANO WA MAREKANI: HATUA TATU

Nchi inayotajwa sana katika jambo hili ni Marekani. Mwaka 1982 bunge lake lilipitisha sheria ya ubunifu wa biashara ndogo. Sheria hiyo inailazimu kila idara kubwa ya serikali inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kulipia utafiti unaofanywa nje ya idara itenge sehemu ya pesa hizo kwa kampuni ndogo pekee. Sehemu hiyo imepanda pole pole hadi asilimia 3.2. Kampuni inayohesabiwa kuwa ndogo haizidi wafanyakazi 500. Kwa kipimo cha Kisumu hiyo si ndogo hata kidogo, lakini sheria ni ile ile kwa kampuni ya watu wawili.

Pesa hutolewa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni ya kujua kama wazo linawezekana, na kwa kawaida huchukua kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Wanaofaulu huomba hatua ya pili, ambayo huchukua takriban miaka miwili na hulipia kutengeneza kifaa halisi cha mfano. Hatua ya tatu ni sokoni. Hapo mpango hautoi senti, na kampuni hutafuta wateja au wawekezaji yenyewe. Serikali haichukui hisa, na kampuni hubaki na haki ya ubunifu wake.

Utaratibu huu unalinda pesa za umma kwa njia rahisi. Wengi hupewa kiasi kidogo, wachache waliothibitisha hupewa kikubwa. Wazo baya huanguka mapema, likiwa bado halijala pesa nyingi.

Idara ya Nishati ya Marekani ni mojawapo ya idara zinazoshiriki. Kila mwaka hutangaza orodha ya maswali inayotaka yajibiwe. Humo mna betri, sola, mashine za kupunguza matumizi ya umeme, na pia jambo linaloweza kumshangaza msomaji: vipuri vya mashine za kuongeza kasi ya chembe, ziitwazo akselereta.

AKSELERETA NI NINI, NA INAIHUSU VIPI NYANZA?

Idara hiyo ilipoanzishwa mwaka 1977 ilirithi maabara za utafiti wa atomi, na ndiyo sababu sola na akselereta hukaa chini ya paa moja.

Akselereta ni mashine inayosukuma chembe ndogo sana, kwa mfano elektroni, ndani ya bomba lililoondolewa hewa. Chembe husukumwa kwa mawimbi ya redio yenye nguvu, zikienda kasi zaidi kila zinapopita hatua moja. Wazee wanaokumbuka televisheni za zamani zenye mgongo mnene walikuwa na kifaa cha ukoo huo sebuleni: nyuma ya kioo, elektroni zilirushwa kwa umeme hadi zikagonga kioo na kutoa picha.

Akselereta maarufu zaidi ni ile ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi. Lakini zilizo nyingi zaidi ni ndogo na hufanya kazi za kila siku. Viwandani, miale ya elektroni hutumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali vilivyokwisha kufungwa, bila kuvichemsha. Hospitalini, akselereta ndiyo mashine ya kisasa ya kutibu saratani kwa mionzi. Elektroni zikigonga kipande cha chuma kizito hutoa eksirei kali, ambayo huelekezwa kwenye uvimbe.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa ufuo wa ziwa. Saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, ni mojawapo ya zinazoonekana sana magharibi mwa Kenya, na tiba ya mionzi ni sehemu muhimu ya kuitibu. Kwa miaka mingi familia za Nyanza zililazimika kusafiri hadi Nairobi kuitafuta. Mgonjwa huhitaji vipindi vingi, mara nyingi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea huwa mzigo juu ya mzigo.

Mashine ya zamani ya mionzi hutumia madini ya kobalti yanayotoa mionzi yenyewe. Haihitaji umeme mwingi, lakini nguvu ya kobalti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, na madini hayo lazima yalindwe hata yakichakaa. Akselereta haina madini hayo. Ikizimwa, mionzi inakwisha. Ila inategemea stima imara, maji ya kupoza, chumba chenye kiyoyozi na fundi wa kuitunza. Stima ikipotea ghafla au ikipanda na kushuka, matibabu husimama na kipuri cha bei ghali kinaweza kuharibika.

Wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana CERN Novemba 2016 kujadili jambo hilo hilo: jinsi ya kutengeneza akselereta ya hospitali inayostahimili mazingira ya nchi zenye umeme usioaminika na mafundi wachache. Kazi hiyo imeendelea kwa ushirikiano wa vyuo vikuu na maabara za Uingereza pamoja na madaktari wa nchi kadhaa za Afrika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mashine za Uingereza, Nigeria na Botswana. Ulionyesha kwamba katika nchi za Afrika karibu muda wote uliopotea ulitokana na hitilafu zilizochukua zaidi ya saa moja kurekebisha. Kwa mgonjwa, saa hizo ni siku ya matibabu iliyoahirishwa.

Kwa hiyo nishati safi na akselereta si mambo mawili yaliyo mbali. Huko Jordan, kituo cha utafiti kiitwacho SESAME, ambacho ni cha nchi kadhaa za Mashariki ya Kati na jirani zake, kina akselereta kubwa ambayo tangu Februari 2019 umeme wake wote hupatikana kupitia mtambo wa sola uliojengwa jangwani. Bili ya umeme ndiyo iliyokuwa karibu kukishinda kituo hicho, na jua ndilo lililokiokoa.

Hakuna anayetarajia fundi wa Kamas aunde akselereta kesho. Lakini mashine kama hizo huhitaji vitu vingi vidogo vinavyozizunguka: betri na vidhibiti vya umeme, mifumo ya kupoza maji, vipima joto, vipuri vya kuchonga kwa usahihi. Kampuni ndogo za Marekani zilianzia hapo hapo, kwa kujibu swali moja dogo kuhusu kipuri kimoja.

KENYA ILISHAFANYA: HADITHI YA JIKO

Si lazima kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi kwamba pesa za utafiti zikimfikia fundi mdogo huleta matunda. Ushahidi uko jikoni.

Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Wakati huo nyumba nyingi za mijini zilipikia jiko la bati tupu, ambalo lilipoteza joto pande zote na kula mkaa. Wizara ya Nishati, kwa msaada wa pesa za Marekani, iliendesha mradi wa miaka kadhaa wa kutafuta jiko bora. Wabunifu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani, wakalibadilisha lifae sufuria na mapishi ya Kenya.

Majaribio ya kwanza hayakuwa mazuri. Udongo ulipasuka, mengine yalikuwa mazito au ghali. Umbo lilibadilishwa likawa pana juu na chini na jembamba katikati, udongo ukawekwa sehemu ya juu tu inayoshika moto, na njia ya kuushikiza kwenye bati ikaboreshwa. Miaka hiyo ya kuvunja na kuunda upya ndiyo iliyolipiwa na mradi. Hakuna fundi mmoja wa jua kali ambaye angeweza kuibeba kwa pesa zake.

Jiko lililotokea, ambalo leo kila mtu analiita jiko la kauri, lilipunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati. Mafundi walifunzwa, wakafunza wengine, na bei ikashuka sana kadiri washindani walivyoongezeka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini, na nchi jirani zilikuwa zimeanza kuliiga.

Upande wa kuni nao haukuachwa. Katika miaka ya 1980 Wizara ya Nishati, Maendeleo ya Wanawake na wafadhili wa Ujerumani walisambaza jiko la kuni lenye kiini cha udongo, ambalo baadaye lilijulikana kama Upesi. Miaka ya 1990 kazi hiyo ikaletwa kwa vikundi vya akina mama wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya, kikiwemo kikundi cha Keyo hapa Kisumu. Mama hawa hawakuanza sifuri. Ufinyanzi wa vyungu ulikuwa kazi ya mama zao na nyanya zao. Walichopewa ni vipimo sahihi, kalibu ya kufanya kila kiini kifanane na kingine, tanuri bora, na mafunzo ya kutafuta soko.

Hadithi hii ina somo la pili, lisilo tamu sana. Jiko la kauri liliachwa wazi ili yeyote alitengeneze. Ndiyo sababu lilienea haraka. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yalijaa sokoni majiko duni ambayo udongo wake ulipasuka baada ya miezi michache, na mnunuzi hakuwa na njia ya kutofautisha. Kufungua ubunifu kwa wote huleta bei nafuu na kuenea, kuulinda huleta ubora na mapato kwa mbunifu. Kila mradi wa umma unapaswa kuamua mapema unataka lipi, na kama ni la kwanza, nani atakagua ubora.

KISUMU YAKUMBUKA PIA YALIYOKWAMA

Wakazi wenye umri wanakumbuka kiwanda cha molasi cha Kisumu. Kilianzishwa miaka ya 1970 kwa lengo la kutumia molasi ya viwanda vya sukari kutengeneza alkoholi ya kuchanganya na petroli, pamoja na bidhaa nyingine. Lengo lilikuwa zuri, na malighafi ilikuwa karibu, Chemelil, Muhoroni na Miwani. Lakini gharama zilipanda, ujenzi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kazi kuanza, na mitambo ikakaa kimya kwa karibu miaka ishirini.

Makosa ya mradi ule yalijadiliwa sana na hayawezi kumalizwa katika makala moja. Jambo moja linatosha hapa: pesa zote ziliwekwa katika mtambo mkubwa kwa mkupuo mmoja. Utaratibu wa hatua, unaoanza na jaribio dogo na kuongeza pesa kadiri majibu yanavyopatikana, upo kwa ajili ya kuepusha hali kama hiyo.

Magugu maji yanatoa mfano wa njia hiyo nyingine. Yalipoonekana Ziwa Victoria karibu mwaka 1990, wengi waliyaona kama adui tu. Mwaka 1997 watafiti wa kilimo wa Kenya walianza kuachilia wadudu wanaoyala, na mwisho wa muongo huo yalipungua sana, ingawa hurudi kila mara. Baadaye watu walianza kuuliza swali jingine: je, yanaweza kuwa malighafi? Hapa Kisumu yamefumwa viti na vikapu na kutengenezwa karatasi. Ufuoni Dunga mitambo midogo ya bayogesi imejaribiwa, ikilishwa magugu yaliyosagwa ili kuzalisha gesi ya kupikia. Mtambo mdogo ukionekana hautoshi, hasara ni ndogo, na majibu yamepatikana: gugu lina maji mengi, lazima lisagwe, na kulibeba mbali hula faida.

SHERIA NA TAASISI ZILIZOPO KENYA

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ndiyo msingi wa utafiti nchini. Iliunda taasisi tatu ambazo mkazi anapaswa kuzitofautisha. NACOSTI husimamia na kutoa leseni za utafiti. Hazina ya Taifa ya Utafiti, NRF, hutoa ruzuku. Shirika la Taifa la Ubunifu, KENIA, husaidia ubunifu utoke maabara au karakana uingie sokoni.

Sheria hiyo inataja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa kiwango cha kuifadhili hazina hiyo kila mwaka. Hali halisi imekuwa chini. Takwimu za mwaka 2010 zilionyesha Kenya nzima, serikali na sekta binafsi pamoja, ikitumia karibu asilimia 0.8 ya pato la taifa kwa utafiti. Tena, miito ya awali ya NRF ililenga zaidi wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na makundi ya watafiti wa vyuo na taasisi. Sheria haikutenga fungu la lazima kwa biashara ndogo kama ilivyo Marekani.

Kwa fundi au kikundi cha ufuoni, maana yake ni moja: njia fupi ni kushirikiana na taasisi. Kisumu haikosi. Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, KIRDI, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo hapa mjini. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, nayo ina kituo Kisumu na imeshughulikia kwa muda mrefu hasara ya samaki baada ya kuvuliwa. Kuna Chuo Kikuu cha Maseno, na ng'ambo ya kaunti kuna Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo. Mtafiti ana maabara na anajua kuandika ombi. Fundi anajua chuma, na mama wa omena anajua samaki. Ombi lenye wote watatu lina nguvu kuliko la mmoja peke yake.

NAMNA YA KUJIANDAA

1. Andika swali, si kifaa. "Nataka kuunda kikaushio" ni kifaa. "Je, kikaushio cha ukubwa huu kinaweza kukausha kilo 50 za omena kwa siku moja ya mawingu?" ni swali linaloweza kujibiwa na kulipiwa.

2. Anza kupima sasa. Daftari linaloonyesha omena wangapi waliharibika kila wiki, bei waliyouzwa na gharama ya mkaa au kuni ni ushahidi. Mfadhili yeyote atauliza mambo hayo.

3. Gawanya kazi kwa hatua. Eleza utakachofanya kwa miezi sita ya kwanza, na jibu lipi litakufanya uendelee au uache.

4. Kubaliana na mshirika kwa maandishi. Nani atamiliki ubunifu, nani atashika pesa, na kikundi kitapata nini kifaa kikianza kuuzwa? Maelewano ya mdomo huvunja urafiki pesa zinapoingia.

5. Linda wazo kabla ya kulionyesha. Taasisi ya Mali ya Viwanda Kenya, KIPI, husajili hataza, inayodumu miaka 20, na cheti cha ubunifu mdogo, kinachodumu miaka 10. Maboresho mengi ya jua kali huangukia aina hii ya pili. Uliza kabla ya kupeleka kifaa kwenye maonyesho.

6. Fuata viwango. Kifaa cha kuuzwa kitahitaji kukidhi viwango vya KEBS, na kazi ya kufunga sola inahitaji fundi mwenye leseni ya EPRA.

7. Jihadhari na matapeli. Mtu akikuomba "pesa ya kufungua faili" kwa simu ili upate ruzuku, usilipe. Nenda ofisini mwenyewe uulize.

HAKI YA MKAZI KUULIZA

Si kila mkazi ataomba ruzuku, lakini kila mkazi hulipia. Pesa hizi ni kodi yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Mkazi anaweza kuuliza mradi wa majaribio katika wadi yake uligharimu kiasi gani, ulikuwa na swali gani, na jibu lilikuwa lipi. Paneli zilizokufa na mitambo iliyotelekezwa bila ripoti ni hasara mara mbili, kwa kuwa pesa zimekwenda na funzo halikupatikana.

Pia kuna kalenda ya bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katiba imezipa kaunti majukumu katika usambazaji wa umeme na gesi, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inazitaka ziwe na mipango yao ya nishati. Vikao vya kukusanya maoni hufanyika kabla ya tarehe hizo. Kikundi cha ufuo kikitaka kikaushio kijaribiwe katika ufuo mmoja kabla ya kununuliwa kwa fuo zote, hapo ndipo pa kusema, na ni vyema kifike na daftari lake la hasara.

Msimu wa mvua utarudi, na omena watavuliwa tena. Mama anayewaanika hahitaji kuelewa mawimbi ya redio wala hataza. Anahitaji kifaa ambacho mtu mwingine amekwisha kukijaribu, kikafeli, kikarekebishwa na kupimwa, kabla ya yeye kutoa shilingi yake ya akiba.